Sifuri Mbili za Nyapara wa Maji

Kwanza kabisa: hajafa. Nasema mapema kwa sababu huku kwetu mtu akianza kusimuliwa hivi, tabia zake na maneno yake na kofia yake, watu huanza kupapasa mifuko kutafuta leso. Acheni leso zenu. Nyapara yuko Kimbo, ana ploti yake, mke wake, redio yake, na miguu yake yote miwili ukitoa kidole kimoja, ambacho tutakifikia. Kidogo tu tungekosa mguu mzima, na hilo ndilo lililonifanya nikae chini niandike. Nikimaliza atanipigia simu kuniuliza kama nimesoma saa za leo.

Jina lake sitalitaja. Shambani hakuna aliyelitumia. Tulikuwa na manyapara watatu, wa wachumaji, wa dawa, na yeye wa maji, lakini ukisema "Nyapara" bila kuongeza neno, kila mtu alijua ni nani. Shamba lenyewe liko chini ya Kalimoni, upande mmoja mishiri, yale maharagwe ya kuliwa machanga na maganda yake, upande mwingine mahindi, na chini kabisa mto ambao ikifika Januari unaweza kuuvuka bila kulowesha magoti. Mimi nilifika pale kama kibarua wa kuchuma, nimetoka Kakamega na begi moja, mtoto mmoja, Brayo, na nia moja: nisiiname maisha yangu yote. Mishiri ni mimea mifupi. Ukiichuma unainama tangu saa moja asubuhi hadi saa tisa, na ukifika nyumbani unainama tena kufua. Katika shamba lile zima nilimwona mtu mmoja tu akitembea wima, taratibu, na ufunguo wa valvu umening'inia shingoni. Nikasema, Yesu wangu, mimi nautaka ule ufunguo.

Ufunguo wa valvu si kama wa mlango. Ni chuma kizito chenye kichwa cha kushika kwa mikono miwili, na yeye alikifunga kwa utepe wa mpira wa tairi. Bila hicho hakuna bloku hata moja ya shamba inayopata maji. Kilikuwa na sheria zake. Ya kwanza, ufunguo haulali shambani, kwa sababu wakati wa kiangazi hata malaika anaweza kuiba maji. Ya pili ndiyo iliyokuwa kubwa: mwenye ufunguo ndiye nyapara. Ukishaushika, hata kama ni kwa muda wa kula githeri, wewe ndiwe unayeamrisha, na yeye anatii.

Nilidhani ni maneno tu. Siku moja alinivisha ufunguo akaenda kula, na aliporudi nikamtania: "Nyapara, nenda kaoshe filta za pampu kwanza." Wanawake wenzangu wakacheka. Yeye hakucheka. Aligeuka, akateremka hadi mtoni na yale mabuti yake, akazifungua filta zote nne, akazisugua kwa brashi, na baada ya karibu saa nzima akarudi amelowa hadi mapajani. "Nimemaliza, Nyapara," akaniambia, akasimama kungoja amri nyingine. Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Nilimvua... nasema nilijivua ule ufunguo haraka nikamrudishia, naye akaupokea kwa mikono miwili.

Alikuwa mtu wa "andika". Ulipomwambia jambo lolote lenye namba, alikujibu "andika", na kitabu chake kilikuwa kile cha shule chenye mistari ya hesabu, kimefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Aliandika mvua, aliandika jua, aliandika pampu ilivyokohoa. Mtu anasema mke wake amejifungua? Andika. Mtu mmoja alimwambia kwa hasira, "Nyapara, wewe ni mjinga," akamuuliza, "Saa ngapi hii?" na akaandika.

Sasa lazima niwaambie kuhusu saa, maana bila saa hamtaelewa lolote. Kifaa chenyewe kina jina refu la Kizungu, tensiometa, lakini sisi tulikiita saa kwa sababu kina uso wa mviringo, sindano na namba kutoka sifuri hadi mia. Chini ya uso kuna bomba la plastiki lililojazwa maji, na mwisho wa bomba kuna ncha ya udongo wa kuchomwa, kama kipande cha chungu. Unalizika ardhini, uso unabaki juu. Udongo ukikauka unavuta maji kupitia ile ncha, na sindano inapanda kuonyesha unavuta kwa nguvu gani. Kwa hiyo namba ikiwa ndogo, udongo umeshiba. Ikifika arobaini, mishiri inaomba. Ikipita sitini, umechelewa.

Hapo ndipo wengi walipopotea. Watu wamezoea geji ya mafuta: ikipanda kuna kitu, ikishuka hakuna. Wakaona hamsini wakasema, aah, maji ni mengi. Nyapara alikuwa akipiga mguu chini. "Haipimi maji! Inapima kiu! Wewe ukiwa na kiu sana, kiu ni nyingi ama ni kidogo?" Katika kila bloku aliziweka saa mbili, moja fupi kwenye mizizi na moja ndefu chini ya mizizi. Fupi inakwambia lini ufungulie. Ndefu inakwambia lini ufunge, kwa sababu maji yakifika huko chini yamekwisha kuupita mmea, unamwagilia wafu.

Na msidhani alizaliwa akizipenda. Meneja ndiye aliyezileta, kijana aliyesoma, akazinunua duka moja Thika, na aliyezicheka kuliko watu wote alikuwa Nyapara mwenyewe. "Nina saa yangu hapa," akasema, akaonyesha kiganja. Alikuwa anachimba kidogo, anachukua udongo, anaufinya, anaufungua mkono na kuutazama. Ukishikamana, bado. Ukimwagika, fungulia. Mkono ule uliheshimiwa mpaka Ruiru. Basi kwa mwezi mzima akafanya yote mawili kila asubuhi bila kumwambia mtu: mkono kwanza, anaandika, saa baadaye, anaandika. Mwisho wa mwezi akaenda na kitabu ofisini, akakitupa mezani. "Mkono haudanganyi," akamwambia meneja, "lakini mkono unazeeka. Niletee saa kumi na mbili zaidi."

Tangu siku hiyo akawa mbaya kuliko aliyezileta. Meneja yuleyule alipotaka turudi kwenye ratiba, Jumatatu na Alhamisi, kwa kuwa ratiba ni rahisi kupanga, Nyapara alimkatalia mchana kweupe mbele ya wachumaji wote.

"Maji ya ratiba ni ya wafungwa," alisema.

"Nyapara, kila shamba jirani linafanya hivyo."

"Na kila shamba jirani mto ukikauka linalia. Sisi tuna ruhusa ya kuvuta maji ya mto kwa saa chache tu kila siku. Nikimpa maji asiye na kiu, mwenye kiu nitampa nini? Mate?"

Meneja akasema basi angalau Jumapili tupumzike. "Mishiri haijui Jumapili," akajibu Nyapara, na yeye ni mzee wa kanisa. Alikuwa anasoma saa zote kumi na sita kabla ya ibada, anafika kanisani na matope kwenye mabuti, na anakaa mbele kabisa.

Lakini mtu huyu wa kuhesabu kila tone, ungefika kwake Kimbo ungeshika mdomo. Ana kishamba cha sukuma wiki nyuma ya nyumba, na anakimwagilia kwa mpira, anasimama pale na redio mkononi, anasahau, maji yanatiririka hadi kwa jirani. Mke wake ndiye aliyeniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka. "Huko kwenu ni profesa. Hapa ametuzamisha." Nilipomuuliza aliniambia hapa si kazini. Pia alichukia mvua. Ndiyo, mvua. Mvua inakuja bila kuulizwa, alisema, inaharibu hesabu. Ikinyesha alikaa kwenye stoo amenuna, na sisi wengine tunamshukuru Mungu.

Na ulimi wake. Yeye ni wa hapahapa, na ile r na l kwake ni ndugu, zinabadilishana nguo. Alisema "mahali" ikatoka "mahari", hata siku moja alimwambia msichana mmoja, "Nitakuonyesha mahari," na msichana akaenda kuuliza wazazi. Tulimcheka sana, mimi nikiwa mbele. Yeye alinijibu kwamba sisi wa kutoka huko magharibi tunasema "mpoka" badala ya "mboga", kwa hiyo ninyamaze. Sifuri kwake ilikuwa "sifuli". Likumbukeni hilo neno, kwa sababu lilitaka kuniondoa kazini.

Ilikuwa Februari, kiangazi kikali, na bloku ya saba ilikuwa imeanza kutoa maua. Bloku ya saba ndiyo ngumu kuliko zote. Kule udongo si mwekundu kama upande wa juu, ni ule mweusi unaopasuka, unaojaza kiatu mvua ikinyesha na kumeza kidole jua likiwaka. Nilikuwa nimekwisha kuwa msaidizi wake kwa msimu mmoja. Alhamisi akafiwa na shemeji Murang'a, na akaniita, akauvua ufunguo, akanivisha. Si kwa muda wa githeri. Kwa siku nne. Nilijiona nimefika.

Alinipa maagizo mengi na aliyasema akitembea, kwa sababu gari la mazishi lilikuwa linamngoja barabarani. La mwisho alilisema akiwa amekwisha kupita geti, amegeuza shingo. Mimi nilisikia hivi: "Kila asubuhi angalia. Ukipata sifuri, ongeza maji!"

Nikacheka peke yangu. Sifuri ni udongo ulioshiba. Nani anaongeza maji kwa aliyeshiba? Nikasema, mzee amechanganyikiwa na msiba, masikini, na mimi nina akili zangu timamu.

Ijumaa asubuhi nikaenda bloku ya saba, saa fupi inasoma sifuri. Siku iliyotangulia ilikuwa thelathini na nane. Sikushangaa, nilikasirika. Nikajua tu: hakuniamini, amefungulia maji jana kabla hajanipa ufunguo, halafu ananidanganya ati mimi ni nyapara. Sikuchimba. Sikushika hata udongo. Nikaandika sifuri nikafunga kitabu. Jumamosi sifuri. Jumapili sifuri, na mchana majani yalikuwa yamelegea, nikajiambia ni maji yamezidi, kwa sababu mishiri ikizama mizizi hulegea vilevile. Maji yamezidi unga, nikasema kwa sauti, nikajiona hodari wa maneno. Hata ile saa ndefu ilikuwa imepanda na sikuitilia maanani.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi Nyapara alirudi. Hakuitazama saa. Alisimama ukingoni mwa bloku ya saba, akanusa kama mtu aliyeacha sufuria jikoni, kisha akachukua jembe na kuchimba hapohapo karibu na ile saa. Udongo ulitoka madonge, ukavunjika, ukawa vumbi. Maua yalikuwa chini. Akanitazama.

"Hii inasema nini?"

"Sifuri, Nyapara."

"Sifuli gani?"

Sikuelewa swali. Sifuri ni sifuri. Ndipo akachuchumaa, akafungua kile kifuniko cha bomba, akanionyesha. Bomba lilikuwa tupu. Udongo mweusi ulipokauka ulijikunja ukaachana na ile ncha, hewa ikaingia, maji yote yakaisha, na sindano ikakosa cha kuivuta ikalala. Udongo ulikuwa na kiu kiasi kwamba saa yenyewe ilishindwa kusema.

"Kuna sifuli mbili," akaniambia. "Mtoto akishiba halii. Na mtoto akizidiwa pia halii. Ukisikia kimya, usishukuru. Chimba."

"Lakini wewe mwenyewe uliniambia!" nikapandisha sauti, maana mimi nikikosa huwa nakuwa mkali, ni ugonjwa wangu. "Ulisema ukipata sifuri, ongeza maji. Nani angeelewa hiyo?"

Akafikiri. Kisha uso wake ukabadilika. "Sikusema sifuli," akasema polepole. "Nilisema si... fuli. Bomba. Ukipata bomba si fuli, ongeza maji. Ndani ya bomba."

Fuli ni ile ya Kizungu, iliyojaa. Si fuli, sifuli, sifuri. Na kibaya zaidi, nilichokigundua baadaye nikiwa kitandani: hata nilivyosikia vibaya, ningetii tu, ningepata sifuri nikafungulia maji, mishiri ingepona. Sikuponzwa na masikio. Niliponzwa na kujua sana.

"Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema.

"Mkuu naye atamke," nikajibu, machozi yananitoka.

Mishiri ya bloku ya saba ilipona nusu. Ile iliyobaki ilizaa iliyopinda, kama ndoano, na iliyopinda hairuhusiwi kwenye katoni, inalishwa ng'ombe. Meneja alituita sote wawili. Nilikuwa nimekwisha kukunja nguo za Brayo kwenye begi, najua kibarua kimeota nyasi. Nilitarajia mambo mawili, ama Nyapara atanitupa ama atanitetea kwa uongo, kama watu wazuri wanavyofanya. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Makosa ni mawili," alimwambia meneja. "Lake ni kuona na asichimbe. Langu ni huu mdomo, na pia sikuwahi kumfundisha ile sifuli ya pili. Andika yote mawili. Ukimfukuza kwa lake, na mimi nifukuze kwa langu."

Meneja aliandika. Hakuna aliyefukuzwa. Lakini msimu wote uliofuata Nyapara hakunigusisha ufunguo. Alinipa jembe dogo. Kila asubuhi, kando ya kila saa, nichimbe kwanza, nifinye udongo, niseme kwa sauti ninavyodhani ni ngapi, ndipo niruhusiwe kutazama uso wa saa. Saa kumi na sita, kila siku, Jumapili pia. Mimi niliyeapa kutoinama! Nilimtukana kimoyomoyo kwa lugha mbili. Ila kufikia mavuno nilikuwa nakosea kwa namba tano tu, na siku nyingine sikosei kabisa, na kila nilipopatia alisema neno lake moja. Andika.

Na kuna jambo alilolifanya ambalo sijamsikia akilitaja hata mara moja. Tangu siku ile hakusema tena "fuli". Mtu wa umri wake, neno alilolitumia maisha yake yote, aliliacha. Alisema "imejaa". "Bomba imejaa? Haijajaa?" Wengine hawakutambua. Mimi nilitambua kila mara.

Mwaka wake wa mwisho kazini alianza kubeba mtungi wa maji wa lita tano. Zamani alikuwa mtu wa chai tu, maji aliyaona ni ya mimea. Sasa ukifika saa nne mtungi uko nusu, saa saba umeisha, anajaza tena, na kila mara anakimbilia choo cha nyuma ya stoo. Tulicheka. Nani alianzisha? Mimi. "Nyapara amefika themanini," nilipiga kelele, "mfungulieni laini ya maji!" Shamba zima likaangua kicheko, na yeye alicheka kuliko sisi, mtungi mdomoni. Tulikuwa watu arobaini tunaojua maana ya kiu ikipanda, na hakuna hata mmoja aliyeandika. Likinijia hilo naumia mpaka leo.

Alipostaafu aliniita mbele ya meneja, akauvua ule ufunguo na utepe wake wa tairi, akanivisha. Sikupewa hotuba. "Kuanzia leo nikikwambia kitu usinisikie," akasema. "Sikia udongo." Kisha akachukua mtungi wake na kofia, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na niliona anachechemea kidogo. Nikadhani ni mabuti.

Nilikwenda kumwona Kimbo Jumapili moja mwaka huu, kutoka shambani moja kwa moja, ufunguo kwenye mkoba, kwa kuwa haulali shambani. Mke wake alinipokea getini na hakunikaribisha kwanza. Alinishika mkono. "Mama Brayo, ongea naye wewe. Daktari alimwambia ni sukari, akamwandikia siku za kurudi kliniki. Ameenda mara mbili, akaacha. Maneno yetu sisi hapa hayasikii."

Nilimkuta amekaa kwenye kiti cha plastiki barazani, redio pajani, amevaa soksi nzito na joto lote lile. Alikuwa amepungua. Lakini alichangamka kuniona, akaagiza chai, na kabla sijaketi vizuri: "Bloku ya saba?"

"Fupi ishirini na tano, ndefu kumi na nane."

"Ulichimba?"

"Nilichimba."

"Haya. Kunywa chai."

Tukaongea. Akaniuliza meneja, pampu, mto, Brayo yuko darasa la ngapi. Mwishowe nikamuuliza juu ya mguu, kwa kuwa nilikumbuka alivyochechemea.

Akacheka kwa furaha kabisa. "Huu? Huu ulinisumbua mwaka mzima. Ulikuwa unaniwaka moto usiku silali. Lakini Mungu ni mwema, umepoa wenyewe. Hata nikikanyaga jiwe sisikii. Maumivu, sifuli!"

Nikaweka kikombe chini.

"Sifuri gani, Nyapara?"

Kicheko kikabaki usoni lakini macho yakaacha kucheka. Alikuwa amesikia.

"Toa soksi," nikasema.

"Wee! Kwani wewe ni daktari?"

"Si daktari. Nachimba tu."

Akaurudisha mguu chini ya kiti kama mtoto. Basi nikainama. Nilipiga magoti kwenye ile saruji, nikaushika, nikaivua soksi taratibu kwa sababu ilikuwa imeshikamana na ngozi, na harufu ikatufikia sote watatu kwa pamoja. Chini ya kidole gumba kulikuwa na kidonda cha kutosha kuingiza ncha ya kidole changu, na kidole chenyewe, ndicho kile alichokuja kukatwa, kilikuwa cheusi. Nikachukua kiatu chake pale mlangoni, nikakikung'uta. Ikadondoka kokoto. Alikuwa ametembea nayo, Mungu peke yake anajua siku ngapi. Mke wake akaanza kulia.

"Tutaenda kesho," akasema Nyapara, kwa sauti ndogo.

"Leo."

"Leo ni Jumapili."

"Mguu unajua Jumapili?"

"Aca, hapana, wewe mwanamke usinisumbue nyumbani kwangu. Kesho asubuhi. Nimesema."

Nami nikachemka. Ningeweza kumwomba. Ningeweza kulia na mimi tukawa wawili. Lakini nilifungua mkoba nikautoa ule ufunguo, chuma kile chote na utepe wake wa tairi aliouvaa yeye miaka na miaka, nikajivisha shingoni mbele yake, nikasimama wima.

"Nyapara ni nani?"

Redio ilikuwa inaimba nyimbo za Jumapili. Akaunyosha mkono akaizima.

"Nimeuliza. Nyapara ni nani hapa?"

Alitazama ule ufunguo kwa muda mrefu sana. Nilikuwa tayari anitukane. Nilikuwa tayari kumbeba mgongoni pia, kama ingebidi.

"Ni wewe," akasema.

"Basi vaa kiatu twende."

"Hakiingii, Nyapara."

"Basi twende bila kiatu."

Jirani alitupeleka kwa gari lake hadi hospitali ya Ruiru. Nesi aliyempokea alikuwa msichana mpole, akasafisha kidonda, kisha akatoa kijiti chembamba chenye ncha na kumwambia Nyapara afumbe macho. "Nikikugusa, baba, useme." Akaanzia kwenye kidole. Kimya. Akagusa katikati ya unyayo. Kimya. Kisigino. Kimya, na mzee amefumba macho kwa nguvu, anasikiliza kwa bidii zote, na hasikii chochote. Nilishika ufunguo shingoni kwa mikono miwili. Akagusa juu ya unyayo. Kimya bado. Sijawahi kuogopa kimya namna ile. Nesi akapanda kidogo, akagusa kwenye kifundo, upande wa ndani.

"Haiya! Ngai! Wewe msichana unataka kuniua?"

Wagonjwa wote waligeuka. Mimi nilikuwa nacheka na kulia, na mke wake ananipiga mgongoni, na nesi anasema vizuri, baba, vizuri sana, hapo pako hai, kwa hiyo kuna mguu wa kupigania. Nyapara alifumbua macho. Hakumtazama nesi wala mke wake. Alinitazama mimi, jasho limemjaa usoni.

"Andika," akaniambia.

Kitabu changu cha kuandikia saa nilikuwa nimekiacha kwake Kimbo, mezani. Nikaomba kalamu kwa nesi, nikaandika kwenye kiganja changu: kifundoni, anasikia.